Nyumba Iliyovuliwa kwa Mwanga

Mvuvi wa Kizuka anapowasha taa yake ziwani usiku, dagaa huufuata mwanga, naye huwatega. Wako wasanii siku hizi ambao nao huvua kwa mwanga, ila wanachovua ni umbo la nyumba, la mti, au la ufuko mzima.

Chombo chao ni mashine ya leza. Huwekwa juu ya miguu mitatu, mfano wa ile ya mpima ardhi, ikazunguka na kutupa miale kila upande. Mwale ukigonga ukuta hurudi. Na kwa kuwa mwendo wa mwanga wajulikana, yaani kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, mashine hukokotoa umbali wa mahali palipogongwa na kupaandikia nukta. Nukta zikifika mamilioni, kompyuta huzikusanya zikawa mfano wa mahali penyewe. Mtazamaji huingia humo kwa macho, akapita nyuma ya mlango na kupanda darini, ilhali ameketi kitini. Polisi wa nchi kadhaa huitumia mashine hiyo kupimia mahali pa ajali, ili barabara ifunguliwe mapema.

Huko London, Matthew Shaw na William Trossell, wenye karakana iitwayo ScanLAB Projects, waliipima barafu ya Aktiki mwaka 2011. Baada ya miaka miwili wakaonyesha mjini mwao mifano ya mapande yale, iliyogandishwa kwa maji. Barafu yenyewe ilikuwa imekwisha kwenda na bahari, na umbo lake limebaki kwenye hesabu. Basi ipi iitwe ya kweli?

Swali hilo laweza kuonekana mchezo wa watu walioshiba. Lakini mwaka 2009 shirika la CyArk la Marekani, lililoanzishwa na mhandisi Ben Kacyra, mzaliwa wa Mosul, lilisaidia kupima kwa leza makaburi ya Kasubi, Kampala, walikozikwa Makabaka wanne wa Buganda. Tarehe 16 Machi 2010 moto uliiteketeza Muzibu Azaala Mpanga, ile nyumba kubwa ya nyasi. Vipimo vilivyochukuliwa mwaka mmoja tu kabla vikawa miongoni mwa kumbukumbu zake za thamani. Hata hivyo, vipimo havikuezeka paa. Kazi hiyo kwa desturi ni ya ukoo wa Ngeye, na jinsi ya kuifunga nyasi imo mikononi mwao. Ujenzi ulichukua miaka mingi. Ilipofika Septemba 2023 ndipo UNESCO ilipoiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Mwambao wa Rumonge hauna kasri la mfalme, nao una hasara yake. Mwaka 2021, na tena 2024, maji ya Tanganyika yalipanda yakaingia majumbani, na jamaa wengi wakahama. Nyumba ya matofali ya udongo ikilowa huanguka, na yakishuka maji hata mwenyewe hutafuta pembe ya ua wake asiione. Mfano wa leza ungemwonyesha mtoto sebule ya babu yake ilivyokuwa, na ungemsaidia mzee anayebishana na jirani juu ya mpaka.

Mashine yenyewe ina upofu mmoja wa kustaajabisha. Maji matulivu huutupa mwale kando, usirudi. Kizuka ikipimwa kutoka ufukoni, michikichi na mitumbwi ingetokea vizuri, na ziwa lingekuwa shimo jeusi, kana kwamba kijiji kimejengwa ukingoni mwa utupu. Wasanii hupenda kasoro za namna hiyo. Fundi wa ramani huzifuta.

Mashine kubwa ni ghali mno kwa kaya yoyote. Tangu mwaka 2020 simu kadhaa za bei kubwa zina leza ndogo, iwezayo kupima chumba kwa dakika chache. Asiye na simu hiyo ana kamba na daftari: upana wa mlango, urefu wa ukuta, hatua kutoka mwembe hadi kaburi la bibi, pamoja na jina la shahidi aliyeishika ncha ya pili ya kamba. Kwa kawaida ziwa hufikia kimo chake cha juu mwezi wa Mei, mvua zinapokwisha. Vipimo vichukuliwe kabla.