Starehe ya Kuandika Plagini Si Mashine ya Laki Mbili

Kila mwongozo wa kuanza kuandika plagini huanza na orodha ya ununuzi. Ukiusoma utadhani programu huandikwa na skrini mbili, kiti cha kuzunguka na RAM ya 16GB. Halafu unaambiwa uweke Docker, uvute Node, usubiri. Usubiri na bando ya nani?

Mimi huandika makala na plagini kati ya Kitale na Bungoma, kwa laptopu ya ex-UK yenye 4GB. Chuo niliachana nacho, na hakuna mteja ameniuliza cheti. Nasema hivi: mazingira mazuri ya kazi ni yale yanayoendelea stima ikipotea na bando ikiisha. Mengine ni mapambo.

Tuhesabu basi. Plagini ya WordPress inaweza kuwa faili moja tu ya PHP, jina lake likiwa kwenye maelezo ya juu. PHP yenyewe ina seva ndogo ndani yake tangu 2012. Weka MariaDB kando yake, andika amri moja, na tovuti inafunguka kwa mashine yako bila intaneti. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huweka historia yote kwako: unahifadhi kazi leo, unaituma siku ukipata waifai. Ongeza kihariri chepesi na maelezo uliyopakua mapema. Ni hayo tu.

Intaneti ni lazima wapi? Kwa malipo. Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, hurudisha majibu kwa anwani iliyo wazi mtandaoni. Localhost yako haiioni. Hapo nunua bando ya saa moja, jaribu, zima.

Kuna watakaosema nasifu umaskini. Wapi! 16GB ni tamu, nikipata nitachukua. Ninachokataa ni kumwambia kijana wa Kimilili asianze mpaka awe nayo. Akingoja, plagini ya duka la mbegu la Kitale itaandikwa na mtu wa mbali, asiyejua kuwa kuna mteja anayelipa nusu sasa na nusu baada ya kuvuna mahindi. Na huyo mtu atatulipisha kwa dola, kila mwezi.

Kama una 4GB na chaji ya saa mbili, fungua hiyo faili moja leo.