Binti anataka kusoma «mambo ya Kanada»: tusimcheke

Mwezi uliopita, katika familia moja ya Butembo ninayoifahamu vizuri, kulikuwa kikao juu ya kiwanja. Binti wa nyumba, mwenye diploma ya Serikali na miaka miwili ya chuo kikuu, alikuwa amepata barua ya kukubaliwa katika chuo kikuu kimoja cha Kanada. Wote walishangilia mpaka mtu alipouliza: atasoma nini? Akajibu: masomo ya Kanada. Yaani historia ya nchi ile, sheria zake, lugha zake, vitabu vyake, watu wake. Baba mkubwa wake alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Mwanangu, tuuze kiwanja ili uende kusoma mambo ya kwao, tena kwao? Udaktari umekwisha? Informatike imekwisha?» Kikao kizima kilicheka. Binti hakucheka.

Mimi nilikuwa kati ya waliocheka. Nimebadili mawazo.

Tuanze na pesa, maana ndipo familia nyingi zinapokwama. Tangu tarehe 1 mwezi wa tisa 2025, mwanafunzi anayeomba kibali cha kusoma Kanada, inje ya Quebec ambayo ina kiwango chake, anapashwa kuonyesha dola za Kanada 22 895 za kuishi mwaka mmoja. Hapo hatujahesabu pesa za masomo wala tiketi ya ndege. Mwaka wa 2023 walikuwa wanaomba 10 000. Tangu 2024 serikali ya kule imeweka pia kikomo juu ya hesabu ya vibali. Mzee anayeuza kiwanja katika hali hiyo ana haki ya kuuliza diploma itazaa nini, na hakuna wa kumwita mshamba.

Lakini woga mmoja tuuondoe. Watu wanasema kwamba aliyesoma mambo ya jamii na utamaduni hapewi tena kibali cha kazi kule baada ya masomo. Kanuni za mwezi wa kumi na moja 2024 zinadai fani fulani hasa kwa wale wanaotoka katika vyuo vya ufundi. Mwenye shahada ya chuo kikuu hadaiwi fani hii au ile. Anadaiwa kuonyesha kiwango chake cha lugha. Kwa hiyo anayemkataza binti amkataze kwa sababu nyingine.

Sasa, masomo yenyewe ni nini? Yalizaliwa kutokana na aibu. Katika miaka ya 1960 vyuo vikuu vya Kanada vilikua haraka sana, na walimu wengi walitoka Marekani na Uingereza. Walikuja na vitabu vyao na mifano yao. Mwaka wa 1968 na 1969, walimu wawili wa chuo kikuu cha Carleton, mjini Ottawa, Robin Mathews na James Steele, walipiga kelele: Wakanada wanapungua katika vyuo vya Kanada, na mwanafunzi anajua siasa za Washington kuliko za jimbo lake. Wengi waliwaona kama watu wa wivu. Hata hivyo, mwaka wa 1972 muungano wa vyuo vikuu uliunda tume na kumpa Thomas Symons, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa chuo kikuu cha Trent, kazi ya kuangalia jambo hilo. Ripoti ilitoka 1975. Kichwa chake kwa lugha yetu ni kama kusema «Kujijua wenyewe». Ilionyesha, fani kwa fani, namna nchi ile ilivyofundishwa kidogo ndani ya vyuo vyake yenyewe.

Nchi tajiri, yenye amani, na bado iligundua kwamba vijana wake wanasoma maisha ya jirani. Hapo ndipo kicheko changu kilianza kukauka.

Somo hili si fani moja. Mwanafunzi anachukua historia kidogo, sheria, jiografia, vitabu vya waandishi wa Kifaransa na wa Kiingereza, na anavifunga vyote kwa swali moja: nchi hii inashikamana namna gani? Na jibu si zuri siku zote. Atasoma mgogoro wa mwaka wa 1970, ambapo kikundi cha watu wa Quebec waliotaka uhuru kilimteka waziri Pierre Laporte, akauawa, na jeshi likaingia katika barabara za Montréal. Atasoma sheria ya 101 ya mwaka wa 1977, iliyokifanya Kifaransa kuwa lugha ya kazi na ya shule katika Quebec. Atasoma kura ya mwaka wa 1995: «hapana» kwa uhuru 50,58 kwa mia, «ndiyo» 49,42. Tofauti haikufika kura elfu 55. Kesho yake watu walikwenda kazini. Sisi tunaotoka mahali ambapo tofauti ndogo kuliko hiyo inatosha kuleta mabunduki, tungependa mtu wetu mmoja akae miaka minne akichunguza ilikuwaje.

Kuna pia sura ambayo Wakanada wenyewe walikwepa kwa muda mrefu. Kwa zaidi ya miaka mia moja, watoto wa wenyeji wa kwanza wa nchi, Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametisi, walitolewa kwa wazazi na kupelekwa katika shule za bweni zilizolipwa na serikali na kuendeshwa na makanisa. Walikuwa watoto wapatao 150 000. Walikatazwa lugha zao, wengi walipigwa, wengine walitendewa mabaya ya mwili, na maelfu hawakurudi nyumbani. Shule za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990. Tume ya Ukweli na Maridhiano, chini ya jaji Murray Sinclair, ilisikiliza mashahidi nchi nzima na mwaka wa 2015 ikatoa miito 94 ya kutenda. Ilisema wazi kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari ya utamaduni. Leo mwanafunzi wa masomo ya Kanada hawezi kuepuka kurasa hizo.

Nikisoma hayo, nilikumbuka shule yangu ya msingi. Nilivishwa kipande cha ubao shingoni kwa kuwa nilisema lugha ya mama wakati wa mapumziko, na nilikivaa mpaka nilipomkamata mwenzangu naye akisema. Kisha nilikumbuka chuo kikuu. Nilifanya miaka yote ya masomo ya uandishi wa habari bila mwalimu hata mmoja kutufungulia ile Rapport Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotoka 2010, yenye matukio 617 ya mauaji na mateso katika nchi yetu kati ya 1993 na 2003. Niliisoma peke yangu, kwenye simu, nikiwa tayari ninafanya kazi. Lakini mtihani juu ya magazeti ya Paris tuliufanya, na nilipata pointi nzuri.

Kuna jambo lingine, kavu kidogo, lakini linagusa barabara zetu na mishahara ya walimu wetu. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na ibaki kulekule inakopatikana. Kifungu cha 181 kinaunda Kasha la taifa la perekwasio, la kulishwa kwa asilimia 10 ya mapato ya taifa, ili majimbo maskini yasiachwe nyuma. Kila liwali anayepita analalamika kwamba pesa ya Kinshasa haijafika. Sisi waandishi tunaandika malalamiko, basi. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kueleza namna perekwasio inavyohesabiwa mahali inapofanya kazi? Kanada iliianza mwaka wa 1957 na kuiingiza katika katiba mwaka wa 1982. Serikali ya Ottawa inapima nguvu ya kila jimbo ya kukusanya kodi, na jimbo lililo chini ya kiwango linatumiwa pesa bila masharti. Quebec inapokea. Alberta yenye petroli haipokei, na inanung'unika kila mwaka. Lakini fomula iko wazi, kila mtu anajua kwa nini amepata au hajapata. Binti akirudi na ujuzi huo tu, mimi ningemfungulia mlango wa bunge la jimbo.

Na madini, je? Kibali, katika Haut-Uélé, inaendeshwa na Barrick ya Toronto. Katika Kamoa-Kakula, kule Lualaba, Ivanhoe, kampuni ya Kanada, ni mmoja wa wenye hisa. Wakaaji wa Luhwindja wanaikumbuka Banro, nayo ya Toronto, iliyofungua Twangiza. Watu wa nchi ile wako kwetu toka zamani. Ni sisi ambao hatujajisumbua kuwasoma.

Tuchukue Kilwa. Mwezi wa kumi 2004 jeshi lilirudi katika mji huo wa Katanga uliokuwa umetekwa na waasi, na Umoja wa Mataifa ulihesabu watu zaidi ya 70 waliouawa. Kampuni ya Anvil Mining, iliyokuwa na ofisi Montréal, ilishutumiwa kwamba magari na ndege zake zilisaidia wanajeshi. Yenyewe ilisema viliombwa kwa amri ya serikali. Mashirika yalipeleka kesi Quebec. Mwaka wa 2011 jaji alikubali kuisikiliza. Mwezi wa kwanza 2012 mahakama ya rufaa ilikataa, na mwishoni mwa mwaka huo Mahakama Kuu ya Kanada haikutaka kuiangalia. Wengi kwetu waliishia hapo. Lakini mwezi wa pili 2020 Mahakama Kuu hiyohiyo iliwaruhusu Waeritrea kuendelea na kesi yao katika British Columbia dhidi ya kampuni ya Nevsun, kwa mashitaka ya kazi ya kulazimishwa kwenye mgodi. Haikusema kampuni ina kosa. Ilisema tu kwamba kesi inaweza kusikilizwa. Kwa mtu wa Kilwa au wa Luhwindja, tofauti ya mlango uliofungwa na mlango ulioachwa wazi kidogo si jambo la vitabu. Nani anamfuatilia kwa niaba yake?

Sisemi masomo haya ni dawa. Hata kule kwao si fani ya watu wengi, na mwaka wa 2012 serikali ya Ottawa ilifuta programu iliyosaidia vyuo vya nchi za inje kufundisha Kanada, ambayo haikufika mbali kuliko dola milioni 5 hivi kwa mwaka. Bordeaux na Edinburgh wana vituo vya masomo ya Kanada tangu miaka ya 1970. Katika mashariki yetu sijakutana na kimoja. Na kijana anayekwenda kule kwa somo hili kwa kuwa tu alisikia kwamba linakubali wengi, huyo abaki. Atakuwa amepoteza kiwanja cha watu.

Ninachodai hakihitaji ndege. Marekta wa Goma, Bukavu, Butembo, Bunia na Lubumbashi wana walimu wa historia, wa sheria na wa uchumi ambao hawaketi pamoja hata mara moja kwa mwaka. Wawaketishe. Wafungue somo moja la lazima, la nusu mwaka, kwa fakulte zote: Kongo yenyewe, na ndani yake jimbo ambamo chuo kimejengwa. Vitabu vya kwanza vipo na havina bei: Katiba, Rapport Mapping, mikataba ya madini iliyotangazwa. Daktari na mhandisi wakae humo pia.

Binti wa Butembo ameandika upya barua yake ya kueleza mpango wa masomo, kwa kuwa ofisa wa visa naye atauliza swali la baba mkubwa: hii itakusaidia nini nyumbani? Toleo la kwanza lilikuwa na maneno matamu juu ya theluji na ukarimu wa Wakanada. Toleo la pili lina kifungu cha 175, kifungu cha 181 na kesi ya Kilwa. Baba mkubwa alilisoma akiwa amevaa miwani, mara mbili. Amekubali kulipa dola 150 za faili na 85 za alama za vidole. Juu ya kiwanja, amesema watazungumza visa ikitoka.