Sadaka na Ujira Visichanganywe

Wanachama wenzetu,

Kila msimu wa karafuu hutufikia afisini maneno yale yale: Bwana fulani katoa majamvi ya msikiti, Bwana fulani hakutoa hata senti. Mwaka huu maneno yamezidi kwa sababu ya sanduku tulilolifungua kwa ajili ya wachumaji wanaoanguka mikarafuuni. Tunaulizwa: hao waliotia fedha, wametia kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya macho ya watu?

Hatujui, wala hatuna haja ya kujua. Yuko atoaye kwa kutaraji thawabu, yuko atoaye kwa kuwa baba yake alikuwa akitoa, na yuko aonaye haya mbele ya jirani. Yuko pia aliyemwona ndugu yake akiletwa juu ya kitanda kutoka shambani, na tangu siku hiyo mkono wake haufungiki. Nia ni ya mtu na Mola wake. Lakini unga ukifika nyumbani kwa aliyevunjika mguu, watoto hushiba hata kama mtoaji alipenda kusifiwa. Katika Suratul Baqara, aya ya 271, kutoa kwa dhahiri hakukukatazwa, ila kutoa kwa siri kumepewa daraja ya juu.

Wengine hushika hoja ya fikihi, kwamba karafuu si chakula, na kwa madhehebu ya Imamu Shafii haina zaka ya mazao kama mpunga na mtama. Ni kweli. Lakini fedha za karafuu zikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu, zikakaa mwaka mzima wa Kiislamu, zina zaka ya 2.5 kwa mia, yaani shilingi 25,000 katika kila milioni. Nusu hii ya hoja husahauliwa upesi!

Wazee wetu walifunga mikarafuu ikawa wakfu wa misikiti, mali isiyouzwa wala kurithiwa. Walijua kuwa mkarafuu hauna ahadi. Dhoruba ya 1872 iliwafukarisha wenye mashamba wa Unguja, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Aliyelala tajiri aliamka mhitaji.

Linalotuudhi ni jingine, nalo tutalisema ijapokuwa watakaochukia ni rafiki zetu. Wako wenye mashamba wanaochelewesha ujira wa wachumaji hata wiki tatu, na pishi zimehesabiwa jioni kwa jioni, kisha siku ya Ijumaa huonekana wakigawa noti mlangoni mwa msikiti. Mchumaji akija kudai, huambiwa, "Chukua hiki kikusaidie," kama kwamba ni mwombaji. Ujira ni deni. Sote tulifunzwa chuoni habari ya jasho la mfanya kazi.

Mwanamke mmoja mwenye watoto wanne alikuja afisini kuomba msaada wa sanduku. Tulipomwuliza hali yake tukaona anadai fedha zake mwenyewe kwa mwanachama ambaye jina lake li juu kabisa katika orodha ya watoaji. Tulimpa, lakini kwa haya.

Basi kamati imekubali kuwa orodha hiyo haitasomwa tena mkutanoni. Mshika fedha atapokea na kuandika risiti. Na mwenye deni la wachumaji akija na mchango wake, tutamwomba arudi kwanza shambani akawalipe.

Katibu