Kibarua Asiye na Barua

Neno hili "kibarua" twalitamka kila siku wala hatulifikiri. Asili yake ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, kiwe ushahidi wa kazi yake apate kulipwa. Lakini katika nchi ya Kenya wako watu wengi waitwao vibarua ambao hawana karatasi yo yote mkononi. Mtu huingia shamba la chai, au la maua, au kazi ya kujenga, akaitwa kibarua mwaka wa kwanza; na mwaka wa tano angali kibarua. Sisi twasema ya kwamba jambo hili ni udhalimu, tena ni kinyume cha sheria iliyoandikwa.

Wazee wetu waliijua karatasi ya namna nyingine. Sheria ya Mabwana na Watumishi iliwekwa mwaka 1906, ikafanywa upya mwaka 1910, na kwa sheria hiyo mtu aliyeacha kazi kabla ya siku za mapatano kwisha aliweza kutozwa faini au kutiwa gerezani. Kisha kikaja kipande, kwa sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza. Mwanamume alikichukua shingoni ndani ya kijaluba cha bati, nacho kina alama za vidole vyake na habari za ujira wake. Na tajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, hakuweza kuandikwa kazi pengine kwa halali. Harry Thuku na wenziwe walikipinga mwaka 1921 na 1922, wala hakikukoma upesi. Hata mwaka 1947 ikawekwa sheria ya kuandikisha watu wa kila taifa badala yake. Zamani hizo karatasi ilimfunga mtu wa kazi. Siku hizi kukosa karatasi ndiko kumfungako.

Basi, sheria yasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaeleza kwamba kibarua ni mtu alipwaye kila mwisho wa siku, wala haandikwi kwa muda upitao saa 24 kwa mara moja. Huyo ndiye kibarua, wala hakuna mwingine. Siku zake za kazi za mfululizo zikijumlishwa zikatimia mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyotazamiwa kwisha kabla ya miezi mitatu, mapatano yake yageuka kuwa ya mwezi, naye hawezi kuondolewa pasipo kupewa taarifa ya siku 28. Akiendelea miezi miwili tangu alipoanza, astahili haki zile zile za mtu ambaye hakuanza kwa ukibarua: siku ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi yenye malipo kila baada ya miezi kumi na miwili. Tena mapatano ya miezi mitatu au zaidi sharti yaandikwe. Asiyejua kusoma asomewe na kuelezwa kwa lugha aifahamuyo, na akitia kidole gumba, akitie mbele ya mtu mwingine asiye tajiri wake.

Maneno haya ni wazi kama mchana. Lakini hila nazo ni nyingi. Yuko tajiri amwambiaye mtu wake siku ya ishirini na saba, "Nenda nyumbani, urudi Jumatatu," apate kudai kwamba hesabu imeanza upya. Yuko aandikishaye watu kwa mkono wa dalali, na shauri likitokea kila mmoja amsukumia mwenziwe. Kazi haikukoma hata siku moja. Chai yachumwa, maua yakatwa, jengo lapanda. Kinachokatwa ni haki ya mtu tu. Twauliza: ikiwa kazi ni ya daima, mfanya kazi atakuwaje wa siku moja?

Wako wasemao, "Msidai sana, matajiri watafunga mashamba, na vijana watakosa hata hicho kidogo." Neno hili lina uzito, maana njaa haingoji hukumu. Tena twakiri ya kwamba kazi nyingine ni za msimu kweli kweli, na anayehitaji watu wa kuvuna kwa majuma mawili hana kosa kuwaandika kwa majuma mawili. Sheria yenyewe haimkatazi. Lakini tajiri afuataye sheria hushindwa sokoni na yule aivunjaye, maana mvunjaji huuza kwa bei ya chini, na tofauti hulipwa na mtu wa kazi. Basi anayewatetea wavunja sheria hawasaidii matajiri wema, bali awaumiza.

Ninyi mjuao kusoma, hapa pana kazi yenu. Kijana wa jirani akienda kazini, mwambieni aombe mapatano yake kwa maandishi, na asipopewa, aandike mwenyewe katika daftari siku alizofanya, fedha alizopokea, na jina la nyapara. Mwambieni pia ya kwamba katika shauri, tajiri asipoleta maandishi yanayomlazimu, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti ya kazi humwangukia yeye tajiri. Wala asikawie, kwa sababu miaka mitatu ikipita madai hayo hayasikilizwi tena. Na mzee asiyejua kusoma akiitwa kutia kidole, nendeni pamoja naye mkamsomee kwanza.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nguvu za mtu ndizo mali yake. Serikali itume wakaguzi wake mashambani wakayatazame madaftari, na kila mwenye kazi ya daima apewe barua yake.