Uko na Ingine Kama Hii?

Kuna swali moja ambalo nalipwa kulisubiri, ingawa halimo kwenye barua yangu ya kazi. Barua inasema nipange vitabu, nitunze rejista, nihakikishe kuna kimya. Lakini mkutubi yeyote wa vijana anajua anachongoja. Kijana anarudisha kitabu, haendi, anasimama pale kaunta akijikuna shingo, halafu: "Madam, uko na ingine kama hii?"

Siku hiyo hata sukuma ya jioni huwa tamu.

Sasa nimeambiwa niache. Maktaba ninakofanya kazi iko Kibera (jina nalificha, bado nahitaji mshahara), na muhula huu agizo limetoka: riwaya ziingie stoo, rafu zijazwe vitabu vya marudio na karatasi za mitihani iliyopita. Sababu? Viti havitoshi, na hadithi zinapotezea watoto wakati. Mzazi mmoja alikuja akaniambia, kwa heshima zote, "Madam, mimi nilimtuma kusoma, si kusoma hadithi."

Nilimwelewa. Nyumba ya futi kumi kwa kumi, watu sita, taa moja, tivii ya jirani inapenya mabati. Kiti cha maktaba ni mali. Mtoto anayekikalia akicheka peke yake na riwaya anaonekana kama mwizi wa nafasi. Hoja hiyo siidharau. Ninayoikataa ni ile iliyojificha nyuma yake, kwamba mtoto wa mtaa hana ruhusa ya kusoma kwa raha. Wa Lavington, hatua chache tu kutoka Kawangware, akisoma riwaya kitandani anasifiwa. Wetu akiishika hiyo hiyo, anapoteza wakati.

Watu wa upande wangu hukimbilia jibu rahisi: riwaya husaidia KCSE, msomaji wa hadithi huandika insha safi, na Karatasi ya Tatu ya Kiswahili ni fasihi tupu. Kweli. Lakini nikijitetea hivyo nimeshashindwa, maana nimekubali kwamba kitabu lazima kilete alama ndiyo kiruhusiwe kukaa rafuni. Angalia tulivyoifanyia Siku Njema. Ken Walibora aliitoa 1996: kijana anatoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba asiyemjua. Ikawa kitabu cha mtihani, na watu wengi wakaikariri kwa mbinu za lugha na maudhui, wakasahau kwamba inaliza. Mwaka huu nimempa mvulana mmoja wa Makina, bila maswali ya mwisho wa sura. Aliirudisha baada ya siku mbili. Hakutaja tamathali hata moja. Aliuliza, "Huyu mwandishi ako wapi?" Nikamwambia alifariki Aprili 2020, hapa hapa Nairobi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama aliacha zingine. Nikampa Ndoto ya Amerika.

Ili ufanye hivyo lazima uwe umesoma kwanza, na uwe unamjua mtoto. Hapo ndipo utamu uko. Nasoma kwenye matatu, nasoma kwenye foleni ya maji. Jumamosi mbili kwa mwezi najitolea Kawangware, upande wa Gatina, chumba chenye kabati moja la vitabu. Bajeti hakuna, na tangu VAT ya asilimia 16 iwekwe kwenye vitabu 2013, duka la vitabu vipya mimi hupita nikiangalia kando. Kwa hivyo nawinda kwa "inama bookshop" za tao, ambako unainama kweli mpaka kiuno kilie. Halafu unaokota kitabu cha shilingi hamsini na unajua papo hapo ni cha nani. The Hunger Games niliiokota hivyo. Nilijua ni ya msichana mmoja wa Gatina anayelea wadogo zake watatu. Kuna waliosema nimpe kitu cha Kiafrika, na hao pia nawaheshimu, lakini yeye alirudi akasema, "Huyu Katniss anajua kulea." Kitabu cha Kiafrika alikichukua wiki iliyofuata, kwa sababu sasa alikuwa ananiamini.

Na ndiyo, natoa hata My Life in Crime. John Kiriamiti alikiandika akiwa gerezani, kikatoka 1984, na mimi nimeshapoteza nakala tatu. Wanaosema kinafundisha ujambazi hawajafika mwisho wake. Wakubwa wangu wameiandika hasara. Mvulana ambaye hajawahi kumaliza kurasa kumi anaiba kitabu, anakisoma, anampa rafiki yake, naye anampa mwingine, na nyinyi mnaona hasara? Mimi ningenunua cha nne leo kama ningekuwa na pesa.

Stoo ina panya, na mvua ikinyesha maji huingia kwa mlango. Nimehesabu riwaya 214 mle ndani. Kama mkurugenzi anasoma hapa, ajue ufunguo ninao mimi na Jumatatu naufungulia mlango. Wa marudio watakaa kwenye viti. Wa riwaya watasoma wamesimama kando ya dirisha, na wengi wao walikuwa wakifanya hivyo hata kabla ya agizo.