Saa nne kwenye DVD moja? Acheni utani!

Jamani, nimechoka. Juzi shangazi kaniletea DVD ya harusi ya bintiye: saa nne zimeshindiliwa kwenye diski moja ya GB 4.7. Uso wa bibi harusi ni vipande vya mraba! Fundi eti, "kamera ilikuwa mbovu." Uongo. Piga hesabu: GB 4.7 ni megabiti 37,600. Gawanya kwa sekunde 14,400, unapata 2.6 kwa sekunde, sauti ikiwa ndani. Kwa MPEG-2 ya 720x576 hiyo ni njaa. Diski mbili zingetoa 5.2, na enkoda ikipita mara mbili, picha ingekuwa safi. Sasa faili za kamera kashazifuta. Diski ya pili ni bei ya soda. Harusi je, tutairudia?