Kolwezi: Taa ya onyo ikizimwa kwa kukata waya, nani analipa?

KOLWEZI – Taa ndogo nyekundu inawaka kwenye tablo ya gari la zamani. Shofere ana njia mbili: kutafuta kwa nini imewaka, au kuomba izimwe. Njia ya pili ni ya dakika chache tu. Fundi anakata waya wa kapteri, kile kifaa kidogo kinachopeleka habari kwenye tablo, au anaunganisha ncha zake mbili, au anatoa balbu kabisa. Gari linarudi barabarani na tablo ni safi. Lakini kama kulikuwa na ubovu, bado upo, na sasa hakuna tena cha kuuonyesha.

Jambo hili linaonekana kama siri ndogo ya garaje. Kwa Lualaba ni zaidi ya hapo. Tangu jimbo hili lizaliwe mwaka wa 2015 kwa kugawanywa kwa Katanga, migodi ya shaba na kobalti imevuta watu na magari mengi hadi Kolwezi. Magari mengi ya wakaaji si mapya. Yanashushwa kwenye bandari za mbali kama Dar es Salaam na Durban, yanapita Zambia, kisha yanaingia Kasumbalesa yakiwa tayari yametumika miaka mingi kwa mtu mwingine.

Kongo haiko peke yake. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka wa 2020 ilionyesha kwamba kati ya 2015 na 2018, magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na Afrika ilikuwa mnunuzi mkubwa. Uchunguzi uliofanyika Uholanzi wakati huo ulikuta kwamba mengi ya yale yaliyokuwa yanapelekwa Afrika yalikuwa na umri wa miaka 16 hadi 20, na hayakuwa na cheti halali cha kuonyesha kwamba yanafaa kutembea barabarani.

Kwenye gari la umri huo, waya huchoka kama chuma kinavyochoka. Waya wa kapteri ya gurudumu hujikunja kila usukani unapozungushwa na kila tairi linapoingia kwenye shimo. Ule ulio karibu na injini hupikwa na joto mpaka ngozi yake ya plastiki inapasuka. Wakati wa kiangazi vumbi linaingia kwenye viunganishi. Mvua ikianza, maji yanafuata. Ndani yake shaba inaota kutu ya kijani, rangi ambayo wachimbaji wa Kolwezi wanaijua vizuri kwenye mawe ya malakiti. Umeme haupiti tena sawasawa, na taa inaanza kuwaka bila sababu.

Hapo ndipo mashofere wanapopoteza imani. Taa inayowaka siku ya mvua na kuzimika jua likitoka, mara nyingi inalalamikia waya au kiunganishi, si breki wala injini. Mtu akidanganywa na taa mara tatu, mara ya nne haamini tena. Kwa hiyo anayeomba waya ukatwe si lazima awe mzembe. Kosa ni kumaliza shaka kabla ya kuipima, wakati kuipima hakuhitaji mashine ya bei kubwa.

Chukua taa ya mgandamizo wa oili. Kwenye magari mengi ya zamani, kapteri yake ina waya mmoja tu. Taa hiyo ikiwaka injini inapounguruma, injini izimwe mara moja na oili ipimwe kwa kijiti chake. Oili ikiwa ya kutosha, fundi anafungua ufunguo bila kuwasha injini, kisha anachomoa ule waya kwenye kapteri. Taa ikibaki inawaka, waya umechubuka mahali fulani na unagusa chuma cha gari: ubovu ni wa waya. Taa ikizimika, waya ni mzima, na shaka inabaki kwenye kapteri yenyewe au kwenye mgandamizo wa kweli. Hapo inafungwa geji ya mkono mahali pa kapteri, injini inawashwa, na geji ndiyo inayotoa jibu. Kubadilisha kapteri bila kupima, au kukata waya, ni kucheza bahati nasibu na injini nzima.

Kwenye breki hatari ni kubwa zaidi. Taa ya breki inaweza kuwaka kwa sababu breki ya mkono haikushuka vizuri, au kwa sababu mafuta ya breki yamepungua. Baadhi ya magari, hasa ya Ulaya, yana pia waya mwembamba uliofichwa ndani ya plaketi. Plaketi ikiisha, kwenye aina fulani diski inakata waya na taa inawaka. Kwenye nyingine waya unagusa diski na taa inawaka vilevile. Ndiyo maana fundi huyo huyo atakata waya kwenye gari moja na kuunganisha ncha kwenye lingine. Mikono inafanya mambo tofauti, matokeo ni yale yale: plaketi zitaisha kimya kimya, mpaka chuma kisage chuma.

Kwa nini basi ukimya unapata wanunuzi? Shofere wa teksi anadaiwa verseman, ile pesa ya kumpelekea mwenye gari kila jioni. Siku moja garajeni ni siku bila chakula nyumbani, na deni haliishi. Fundi naye analipwa kwa kile kinachoonekana: taa imezimika. Saa mbili za kufuata waya chini ya gari hakuna anayetaka kuzilipa. Mwenye gari anayetaka kuliuza anajua mnunuzi ataangalia tablo. Kila mmoja ana sababu yake, na hasara inasukumwa kwa abiria, ambaye hakuulizwa.

Ajabu ni kwamba Kolwezi inaishi na kanuni mbili. Kwenye migodi mikubwa, gari hukaguliwa kabla ya kazi kuanza, na lenye taa ya onyo ya breki halipaswi kutoka. Nje ya ukuta, kwenye barabara ileile inayobeba shaba na kobalti, taa kama hiyo inazimwa kwa koleo. Shaba inayochimbwa hapa inatengeneza nyaya za dunia nzima, lakini gari linalompeleka mchimbaji kazini linakosa mita moja ya waya mzuri.

Na barabara hiyo haisamehe. Gari dogo linalotoka Likasi kwenda Kolwezi linapita katikati ya malori ya madini na ya asidi. Mwezi wa Februari 2019, lori la asidi lilipata ajali kwenye kijiji cha Kabwe na watu wapatao 20 wakapoteza maisha. Msiba huo si habari ya waya wa kapteri. Unakumbusha tu jinsi nafasi ya kukosea ilivyo ndogo kwa yeyote anayefunga breki mbele ya lori kama hilo.

Dawa haihitaji sheria mpya. Kanuni ya barabara ya mwaka wa 1978 tayari inadai gari liwe katika hali nzuri. Kinachokosekana ni mwenye gari kukubali kwamba siku ya kupima waya haina verseman, na kontrole tekniki kuangalia taa kabla ya kuangalia karatasi.

Jaribio lenyewe ni la sekunde kumi. Fungua ufunguo bila kuwasha injini: taa ya oili na ile ya breki lazima ziwake. Washa injini, shusha breki ya mkono: lazima zizimike. Ikiwa taa moja haikuwaka hata kidogo, polisi, mnunuzi na abiria wana haki ya kuuliza balbu imeungua lini, au nani alikata waya.